Aliyewaka Machi, Atawaka Julai?

MWALIMU WA WAPIGAJI: Kabla hujafungua kompyuta yako, nijibu hili. Machi 2015, kwenye kambi ya Chicago Cubs kule Mesa, Arizona, kijana Kris Bryant aliutuma mpira nje ya uzio mara 9. Homurani 9 katika mechi za maandalizi peke yake, na hakuna kambi nyingine, iwe ya Arizona au ya Florida, iliyokuwa na mtu wa kumfikia. Wastani wake wa mapigo ulikuwa 0.425. Katika besiboli, anayemaliza msimu na 0.300, yaani mapigo salama matatu kwa kila zamu kumi, tunamwita nyota. Ligi ilipoanza, Bryant akapiga homurani 26 na kutwaa tuzo ya chipukizi bora wa National League. Anayesema Machi haisemi kitu aniambie kijana yule alikuwa anafanya nini Mesa.

MTAKWIMU: Alikuwa anafanya kile kile alichokifanya mwaka mzima uliotangulia, Mwalimu. Mwaka 2014, akiwa ligi ndogo, alipiga homurani 43. Kila mfuatiliaji wa mchezo huu alishalijua jina lake. Machi ilituonyesha Bryant yule yule tuliyekuwa tunamjua. Na kama tunahesabu homurani za kambini, mimi ninaye wa 10. Jake Fox wa Baltimore Orioles, kambi ya Sarasota, 2011. Ndiye aliyekuwa kinara wa kambi zote mwaka ule. Msimu wenyewe ulipoanza, unajua alipiga ngapi? Mbili.

MWALIMU: Fox alikuwa mchezaji wa akiba. Hakupewa nafasi ya kutosha.

MTAKWIMU: Haya, huyu alipewa. Jackie Bradley, Fort Myers, 2013. Alimaliza kambi na 0.419, mji mzima wa Boston ukawa unalitaja jina lake. Red Sox wakamwanzisha siku ya kwanza ya ligi, ilhali hajawahi kucheza hata mechi moja ya Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu. Msimu ule alimaliza na 0.189. Nikuongezee Greg Bird wa Yankees, 2017: kambini Tampa alipata 0.451 na homurani 8. Msimu ukaisha akiwa na 0.190.

MWALIMU: Bird muondoe kwenye orodha yako. Siku za mwisho za kambi alijigonga mpira kwenye kifundo cha mguu wa kulia, akaanza ligi akiwa anachechemea. Mpigaji anavuta nguvu kutoka ardhini, inapita mguuni, kiunoni, ndipo inafika mikononi. Ukimkata mguu, usije kuniuliza gongo lake limekwenda wapi. Na kama unataka tubadilishane majina, mimi ninaye Aaron Judge. 2016 alipopandishwa Yankees alikula straiki tatu mara 42 katika zamu 84, wastani 0.179. Machi 2017 akaigombea nafasi ya uwanja wa kulia, akaipata kwa jinsi alivyopiga kambini. Msimu huo huo akapiga homurani 52.

MTAKWIMU: Majina tutabadilishana mpaka alfajiri, na kila mmoja wetu ataondoka ameridhika. Ndiyo maana nataka tuyaache. Chukua mpigaji wa 0.270, mtu wa kawaida kabisa wa Ligi Kuu. Kambini atapata zamu 50 hivi. Bila uwezo wake kubadilika hata chembe, kwa sababu tu mpira mmoja umeangukia penye nyasi na mwingine umedakwa, wastani wake unaweza kuangukia popote kati ya 0.145 na 0.395. Mtu ni yule yule. Kwa 0.145 magazeti yatamzika, na kwa 0.395 yatamvika taji. Sasa chukua klabu zote 30, wapigaji 13 kila klabu, jumla 390. Tuseme wote uwezo wao ni 0.270 sawasawa. Bahati peke yake itakupa watu kati ya kumi na kumi na tano watakaomaliza Machi na 0.400. Kila mmoja wao ataandikiwa makala kwamba amebadili namna ya kushika gongo, au amepunguza uzito, au ameoa na ametulia.

MWALIMU: Na wengine wamebadili kweli namna ya kushika gongo.

MTAKWIMU: Wapo. Nitajuaje ni yupi kati ya hao kumi na tano? Mtu huyo huyo wa 0.270 ana zamu 1,500 za miaka mitatu nyuma yake. Akija kambini akapiga 0.400 katika zamu 50, ukizijumlisha zote bila upendeleo unapata 0.274. Machi yake nzima ya moto imenisogeza nukta nne za elfu.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapoachana na wewe, mwanangu. Hesabu yako inachukulia kwamba mtu ni yule yule, na mimi ninalipwa ili asiwe yule yule. José Bautista kabla ya 2010 hakuwahi kuzidisha homurani 16 kwa msimu. Toronto wakamfundisha kuanza mwendo wake mapema, mkono na mguu viwe vimekwisha kujipanga mpira unapofika. Akaanza kuupata Septemba 2009, akaja nao kambini Dunedin, na 2010 akapiga homurani 54. Ungemchanganya na zamu zake zote za nyuma ungepata nini? Mtu wa homurani 16. Zile zamu za nyuma zilikuwa za mpigaji ambaye hayupo tena.

MTAKWIMU: Ila dalili yako ya kwanza ni ya Septemba, Mwalimu. Mwezi ule wa mwisho wa msimu wa 2009 alipiga homurani 10 dhidi ya warushaji wa Ligi Kuu, kwenye mechi zinazohesabika. Ushahidi wa namna hiyo naupokea kwa mikono miwili. Wa kambini siuamini, kwa sababu kambini sijui mpigaji amepambana na nani, wala huyo nani alikuwa na nia gani. Tazama mechi ya wiki ya kwanza ya Machi. Anapanda mrushaji mkongwe mwenye mkataba mnono, nafasi yake haina shaka. Amekuja na kazi moja, kuutafuta upya mshiko wa mpira wa taratibu. Anaurusha, haukai. Anaurusha tena. Mpigaji anajua wa tatu ni ule ule, anaukaanga mpaka kwenye viti vya nyuma. Mkongwe haumii, anatazama vidole vyake na kuendelea na somo lake. Ikifika awamu ya sita, uwanjani kuna vijana wenye jezi za namba 90 na kitu, migongoni hazina hata majina, wamepakiwa basi asubuhi kutoka ligi ndogo waje wajaze kikosi. Baseball-Reference wanaweka kipimo cha ubora wa warushaji ambao kila mpigaji amekutana nao kambini: 10 ni wa Ligi Kuu, 8 ni wa Triple-A. Anayesifiwa kwa 0.400 ukimkuta na 7 na kitu, ujue hiyo 0.400 ameipata ligi ndogo. Na hapo sijaigusa hewa kavu ya Arizona, ambako mpira unapaa kuliko kwenye unyevu wa Florida.

MWALIMU: Umeeleza vizuri, ila umeeleza upande wa mrushaji tu. Mpigaji naye ana somo lake. Mwaka 2001 Ichiro Suzuki alikuja kutoka Japani, akafikia kambi ya Seattle Mariners pale Peoria, Arizona. Siku nenda siku rudi alikuwa anausukumia mpira kushoto, vipigo vidogo visivyo na uzito. Meneja wao, Lou Piniella, akaingiwa na wasiwasi kwamba huyu bwana hawezi kuukabili mpira wa kasi wa Marekani. Akamwomba auvute kulia japo mara moja amwone. Ichiro akauvuta, ukatoka nje ya uzio, kisha akamuuliza meneja kama ameridhika. Alikuwa anawasoma warushaji, na anawaficha wao wasimsome yeye. Msimu ule alipata mapigo salama 242, wastani 0.350, akachukua tuzo ya chipukizi bora na ya mchezaji bora kwa pamoja.

MTAKWIMU: Basi tunasema kitu kimoja! Mrushaji hashindani, mpigaji hashindani, na matokeo tunayaandika kwa wino kana kwamba wameshindana.

MWALIMU: Hatusemi kitu kimoja. Wewe unatazama ubao wa matokeo halafu unalalamika kwamba ubao unadanganya. Mimi ubao siutazami. Natazama mguu wa mbele unatua lini, kichwa kinatulia au kinayumba, anaacha mipira ya nje au anaifukuza. Shohei Ohtani, kambi ya Angels pale Tempe, 2018: zamu 32, mapigo 4, hata moja halikuvuka besi ya kwanza. Wastani 0.125. Wapo walioandika kwamba hajakomaa, apelekwe ligi ndogo. Walimu wake wakaona kwamba ule mguu anaounyanyua juu kabla ya kupiga unachelewa kutua mbele ya kasi ya huku. Siku za mwisho za Machi akauacha, akawa anagusa ardhi kwa kidole tu na kuzungusha. Aprili ilipoingia akapiga homurani katika mechi tatu mfululizo alizoanza kama mpigaji. Alimaliza na 22, wastani 0.285, chipukizi bora wa American League.

MTAKWIMU: Umenipa zawadi, Mwalimu. Namba ya kambini ilisema 0.125, msimu ukasema 0.285. Iliongopa kama ilivyoongopa ya Bradley, ila kwa upande wa pili.

MWALIMU: Haikuongopa hata kidogo! Kwa mguu ule alikuwa anashindwa kweli. Kambi ilituambia ukweli kuhusu kasoro, kasoro ikaondolewa, matokeo yakabadilika. Dawa ikifanya kazi, husemi kipimo kilikuwa cha uongo.

MTAKWIMU: Na unajuaje kwamba dawa ndiyo iliyomponya? Kwa mguu ule ule alikuwa akitamba Japani. Zamu 32 ni chache mno. Inawezekana kabisa kwamba angeingia Aprili na mguu wake juu, akazoea kasi baada ya wiki mbili, akapiga vile vile. Wewe uliona kasoro kwa sababu mapigo hayakuja. Yangekuja 14 katika zamu 32, mguu ule ule ungeuita mtindo.

MWALIMU: Hapana. Kuchelewa kwa mguu kunaonekana hata kwenye pigo salama.

MTAKWIMU: Kunaonekana kwako leo, ukijua yaliyofuata.

MWALIMU: Haya, niyaache macho yangu, nije kwa watu wa kazi yako. John Dewan, ambaye maisha yake yote ni takwimu za besiboli, alikwenda kuwatafuta wapigaji ambao kambini uzito wa mapigo yao, kile kipimo kinachohesabu kila pigo limezaa besi ngapi, ulipita wastani wao wa maisha kwa 0.200 au zaidi. Akakuta takriban sita kati ya kumi wanauvuka wastani wao wa maisha msimu unaofuata. Na 2015, kwenye mkutano wa MIT Sloan kule Boston, Dan Rosenheck wa The Economist aliwasilisha utafiti ulioonyesha kwamba takwimu za kambini, zikichambuliwa moja moja, zinaongeza kitu kwenye makadirio yenu ya msimu. Hao nao ni mashabiki waliolewa jua la Florida?

MTAKWIMU: Nawaheshimu wote wawili, na Rosenheck nimemsoma kwa makini. Sikiliza alichokipata. Hakusema wastani wa mapigo wa kambini unatabiri. Alivunja namba vipande: mara ngapi mtu anakula straiki tatu, mara ngapi anapewa besi ya bure kwa kuacha mipira mibovu, nguvu anayoitoa. Vipande hivyo vina ukweli ndani yake, na sababu inajulikana. Russell Carleton aliwahi kuuliza, inahitajika zamu ngapi mpaka namba ya mchezaji iwe nusu uwezo na nusu bahati? Kwa straiki tatu, kama 60. Kwa besi za bure, kama 120. Kwa homurani, kama 170. Kwa wastani wa mapigo, zaidi ya 900. Kambi haifiki hata 100. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anakula straiki tatu katika robo ya zamu zake zote, akija kambini akala moja tu katika kila kumi, mimi naacha chai yangu na kwenda kumtazama. Mtu aliyeruka kutoka 0.250 hadi 0.400 kwa mipira laini iliyopita katikati ya walinzi, sinyanyuki.

MWALIMU: Ahaa. Kwa hiyo Machi inasema.

MTAKWIMU: Inasema kidogo, na si kwa sauti ile inayosikika redioni. Na kuna kitu kipya kinachonipa imani kuliko yote hayo: mitambo ya kupima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Bahati inaweza kuubeba mpira dhaifu ukaangukia pasipo na mtu. Haiwezi kuutoa kwenye gongo kwa maili 112 kwa saa. Kijana ambaye hajawahi kufika 105, akipiga mmoja tu wa 112 hata kama umedakwa, ameshaniambia kwamba mwili wake unayo nguvu hiyo. Zamu hamsini sizihitaji hapo. Pigo moja linatosha.

MWALIMU: Na ubaoni linaandikwa kwamba ametolewa.

MTAKWIMU: Ubaoni anaonekana ameshindwa, ndiyo.

MCHEZAJI MSTAAFU: Niruhusuni na mimi. Nimewasikiliza ninyi wawili mnavyolivuta hili la utabiri, kama vile mchezaji ni wingu na mnabishana kama mvua itanyesha. Mimi nilikwenda kambini kwa mwaliko, bila nafasi kwenye orodha ya watu 40. Klabu sitaitaja. Meneja aliniahidi zamu za kutosha. Nilizopata ni za awamu ya saba na ya nane, jua limeshageuka, nyota wameshaoga na kwenda kucheza gofu. Nikapiga vizuri. Wakaniambia, umewapiga watoto wa ligi ndogo. Ningepiga vibaya, wangeniambia umeshindwa hata na watoto wa ligi ndogo. Naomba mmoja wenu anieleze ni namba gani ambayo ingenisaidia.

MTAKWIMU: Kaka, hilo ndilo ninalolipinga. Usingestahili kuhukumiwa kwa zamu zile, ziwe nzuri au mbaya.

MCHEZAJI MSTAAFU: Nihukumiwe kwa nini basi? Kwa miaka yangu ya nyuma? Hiyo ndiyo iliyomfukuza J.D. Martinez. Mnakijua kisa chake, ila mnakipitia haraka. Alimaliza 2013 na Houston Astros akiwa mtu wa kawaida, na mwenyewe akakiri moyoni kwamba gongo lake haliendi popote. Akaketi kutazama video za wapigaji waliomzidi, akaona wao gongo linapanda kuufuata mpira, lake linaukata kutoka juu kwenda chini. Akavunja kila kitu alichofundishwa tangu utotoni, akaanza upya. Majira ya baridi akaenda Venezuela kuujaribu mtindo wake kwenye ligi ya kule. Machi 2014 akaja kambini Kissimmee, akamwambia meneja wake kwamba amebadilika na anaomba atazamwe. Akapewa zamu 18. Akapata mapigo 3. Tarehe 22 Machi wakamwachia aende zake. Detroit Tigers wakamwokota, wakampeleka Toledo, ligi ndogo, akapiga homurani 10 katika mechi 17, wakampandisha. Msimu ule ule alimaliza na 0.315 na homurani 23. 2017 akapiga 45. 2018 akatwaa ubingwa na Boston. Zamu kumi na nane.

MTAKWIMU: Kisa hicho kinanitetea mimi. Mapigo 3 katika zamu 18 hayasemi chochote, na aliyeyasikiliza alipotea.

MWALIMU: Kinanitetea mimi. Aliyesimama nyuma ya wavu akamtazama anavyozungusha, bila kuangalia mpira umekwenda wapi, angemwona mtu mpya.

MCHEZAJI MSTAAFU: Kissimmee hapakukosa watu wa kazi zenu zote mbili. Walimu walikuwepo. Na Houston wakati ule ilisifika nchi nzima kwa kuwategemea watu wa namba. Makadirio yenu yalisema nini kuhusu Martinez? Yalisema ni mtu wa kawaida, kwa sababu miaka yake ya nyuma ilikuwa ya kawaida. Kambi ilikuwa mahali pekee duniani ambapo angeweza kuonyesha kwamba miaka ile imekwisha, na ninyi mnaopenda miaka ya nyuma mlimfungia mlango wa hapo.

MTAKWIMU: Kadirio haliwezi kukijua kisichoandikwa mahali. Mtindo mpya ulikuwa kwenye video, haukuwa kwenye jedwali. Kwa hilo nakubali kwamba jedwali peke yake halikumtosha. Ila fikiria upande wa pili. Kila Machi wanakuja wachezaji kwa makumi wakisema wamebadilika. Wote wanasema, na wengi wanaamini kwa dhati kabisa. Ukiwapa wote nafasi ya Martinez, unapata Martinez mmoja na kina Jake Fox wengi.

MWALIMU: Na wakati mwingine unampata Albert Pujols. Mwaka 2001 St. Louis Cardinals hawakuwa na mpango naye. Mwaka wake mmoja wa kulipwa alikuwa ameucheza karibu wote kwenye ngazi ya chini. Kambi ya Jupiter ikaanza, siku zikaenda, kila wakitaka kumrudisha ligi ndogo anapiga tena. Mwenzao Bobby Bonilla akaumia, nafasi ikapatikana. Wastani 0.329, homurani 37, na alikuja kumaliza maisha yake ya mchezo akiwa na homurani 703. Kwa miaka ya nyuma ungemwona wapi? Hakuwa nayo.

MTAKWIMU: Na ndiyo maana kwake Machi ilikuwa na uzito! Mtu mwenye zamu 1,500 Machi inamsogeza nukta nne za elfu. Mtu asiye na historia, kila zamu yake ni habari. Sijawahi kusema Machi iwe na uzito mmoja kwa wote.

MCHEZAJI MSTAAFU: Klabu nazo hazijawahi kuipa uzito mmoja, ila kwa sababu nyingine kabisa. Mwalimu, ulianza na Bryant ukamwacha njiani. Baada ya zile homurani 9 na ile 0.425, Cubs walimpeleka wapi? Iowa, ligi ndogo. Wakasema anahitaji kuimarisha ulinzi wake besi ya tatu. Tarehe 17 Aprili akapandishwa, akamaliza mwaka na siku 171 za utumishi. Mwaka mmoja wa utumishi unahesabiwa kwa siku 172. Kwa siku moja iliyopungua, klabu ikabaki naye mwaka mzima zaidi kabla hajawa huru kuchagua pa kwenda. Alilalamika rasmi, na 2020 msuluhishi akaipa ushindi klabu. Haya niambieni: Machi ilitabiri au haikutabiri? Wanaotaka kumtema mtu, 3 kati ya 18 inatosha kuwa ushahidi. Wanaotaka kumchelewesha mtu, homurani 9 hazitoshi kuwa ushahidi. Wanasoma Machi kwa jicho la mhasibu.

MWALIMU: Hilo sina la kulijibu. Mimi nilikuwa upande wa uwanja, na mara nyingi orodha ilikuwa imeshaandikwa kabla sijaulizwa.

MTAKWIMU: Lakini ukilifuata hilo mpaka mwisho, kaka, linaniongezea hoja. Kadiri tunavyowaambia watu kwamba namba za kambini ni hukumu, ndivyo tunavyowapa wenye klabu kisingizio. Wakijua kwamba zamu 18 hazina maana, hawawezi tena kujificha nyuma yake.

MCHEZAJI MSTAAFU: Watajificha nyuma ya kadirio lako. Kadirio halina uso, mchezaji hawezi kwenda kulibishia. Meneja nilikuwa naweza kumgongea mlango.

MTAKWIMU: Na alikusikiliza?

MCHEZAJI MSTAAFU: Hakunisikiliza. Ila alilazimika kunitazama usoni.

MWALIMU: Tuje kwenye jambo lenyewe, maana tarehe ya mwisho ipo na nafasi za kikosi ni 26 tu. Imebaki moja. Wapo vijana wawili, makadirio yako yanawapa kiasi kile kile. Mmoja amemaliza kambi na 0.400, mwenzake na 0.180. Unamchukua nani?

MTAKWIMU: Naangalia straiki tatu walizokula, mipira mibovu waliyoiacha, na kasi ya mpira ukitoka kwenye magongo yao. Naangalia wamekutana na warushaji gani.

MWALIMU: Vyote sawa.

MTAKWIMU: Vikiwa sawa vyote, namchukua wa 0.400. Kwa nukta chache za elfu.

MCHEZAJI MSTAAFU: Na yule wa 0.180 utamwambia nini? Kwamba amekosa mshahara wa Ligi Kuu kwa nukta chache za elfu?

MTAKWIMU: Nitamwambia ukweli, kwamba tofauti yao ni ndogo kuliko nafasi yenyewe, na kwamba namtaka arudi Mei.

MWALIMU: Mei huwa mbali sana kwa anayelala kwenye hoteli za ligi ndogo. Mimi ningempa zamu zaidi kabla ya kumkata. Tumwongezee wiki ya mwisho aanze mechi tangu awamu ya kwanza, apambane na warushaji wa kweli.

MTAKWIMU: Zitoke kwa nani? Zamu za kambi hazizaliani. Ukimwongezea huyu unampunguzia mwingine.

MCHEZAJI MSTAAFU: Mpunguzie mwenye mkataba wa miaka mitano. Nafasi yake iko pale pale hata asipogusa gongo mpaka Aprili.

MWALIMU: Huyo naye anazihitaji zamu zake hamsini ili macho yazoee kasi. Akiingia ligi akiwa baridi, akakaa wiki tatu bila pigo la maana, klabu ikapoteza mechi nane, anayeitwa ofisini ni mimi.

MCHEZAJI MSTAAFU: Basi mpe arobaini.